Kutoka rafuni hadi mtandaoni: mwongozo kamili wa kuingiza tasnifu za chuo kwenye hazina ya DSpace

Wakutubi wengi wa vyuo vyetu wanakwama mahali pamoja. Seva inanunuliwa, DSpace (programu ya kuhifadhi na kuonyesha kazi za chuo mtandaoni) inasimikwa, tasnifu zinapakiwa kwa mamia, uzinduzi unafanywa kwa keki na hotuba, kisha miezi sita baadaye mwanafunzi anaandika kichwa kamili cha tasnifu ya mwalimu wake kwenye Google na haoni kitu. Mwongozo huu unahusu pengo hilo. Hauelezi namna ya kusimika programu, kwa kuwa kazi hiyo ina maelekezo yake na kwa kawaida hufanywa na watu wa TEHAMA. Unaeleza safari ya tasnifu ya karatasi tangu inapotolewa rafuni hadi inapofunguliwa na mtu asiyekijua chuo chako, aliye na simu na bando lake tu. Mtu huyo ndiye kipimo cha kila hatua iliyo hapa chini.

Maelezo yanafuata DSpace 7, iliyotoka mwaka 2021, na matoleo yaliyoifuata.

## Vitu na watu wa kuwa nao kabla ya kuanza

- Skana ya kitanda, au skana ya juu yenye kamera kwa ajili ya vitabu vyenye jalada gumu. Skana inayovuta karatasi yenyewe inafaa tu kwa nakala zisizofungwa.
- Kompyuta yenye LibreOffice ya kuandika majedwali, ScanTailor ya kusafisha picha za kurasa, Tesseract ya kutambua maandishi kwenye picha, na OCRmyPDF ya kuyaweka maandishi hayo ndani ya PDF. Zote hutolewa bila malipo.
- Diski mbili za nje, kila moja yenye TB 2 au zaidi, na UPS kwa kompyuta ya kuskani.
- Jina la domeni la chuo na cheti cha HTTPS. Let's Encrypt hutoa cheti hicho bure.
- Mtu mmoja wa TEHAMA mwenye ruhusa ya kuingia kwenye seva na anayepokea simu.
- Barua ya uongozi inayosema nani ana mamlaka ya kuamua kipi kiwekwe wazi.

Barua hiyo ndiyo inayosahaulika. Bila hiyo, siku mhadhiri mmoja atakapolalamika kwamba kazi yake imewekwa mtandaoni, mkutubi atabaki peke yake mezani.

## Hatua ya 1: Maliza suala la haki kwanza

Chuo kuwa na nakala rafuni si sawa na kuwa na haki ya kuitoa kwa umma. Tanzania na Kenya, hakimiliki hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na mwenye haki hiyo mara nyingi ni mwanafunzi mwenyewe, isipokuwa kanuni za chuo alizosaini zimesema vingine. Soma kanuni hizo, na hasa zile za mwaka husika, kwa sababu kanuni za leo hazimfungi aliyehitimu mwaka 1988.

Kwa wahitimu wapya, weka fomu ya idhini pamoja na fomu nyingine anazosaini mwanafunzi kabla ya kupewa cheti. Hakuna wakati mwingine utakaompata kwa urahisi namna hiyo. Kwa wahitimu wa zamani, tangaza kupitia baraza la wahitimu, tunza kumbukumbu za juhudi zako, na wakati unasubiri jibu weka kichwa, ikisiri na metadata nyingine (taarifa zinazoielezea tasnifu, kama mwandishi na mwaka) wazi huku faili lenyewe likifungwa kwa watumiaji wa ndani ya maktaba. DSpace inaruhusu jambo hilo kwa kila faili peke yake, hivyo huna sababu ya kuzuia rekodi nzima.

Kisha fungua viambatisho. Tasnifu za afya, sheria na ustawi wa jamii zina dodoso zilizojazwa, majina ya wagonjwa, namba za simu za viongozi wa mitaa, wakati mwingine hata picha za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nchini Tanzania, na ile ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 nchini Kenya, zinakuhusu wewe unayechapisha.

Tahadhari. Usifiche jina kwa kuchora kisanduku cheusi juu ya faili la PDF ambalo maandishi yake yameshatambuliwa. Jina bado lipo chini ya kisanduku, na yeyote anaweza kulinakili na kulibandika kwingine. Ficha kwenye picha ya ukurasa kabla ya hatua ya 4.

Umefanikiwa ikiwa kila tasnifu kwenye orodha yako ina neno moja mbele yake: wazi, imefungwa, au inasubiri.

## Hatua ya 2: Orodhesha na upe namba

Tumia namba ya usajili iliyopo tayari kwenye kitabu, wala usitunge mfumo mpya. Jina la folda na la kila faili lianze na namba hiyo, bila nafasi, bila mkwaju, bila alama za ajabu: `0143_mwinyi_2009` linatosha. Anza na tasnifu 20 tu, na uzipitishe hatua zote hadi ya mwisho kabla ya kugusa ya 21, kwa sababu makosa ya hatua ya 3 hujulikana ukiwa hatua ya 8, na kurudia 20 ni kazi ya siku chache.

## Hatua ya 3: Skani mara moja, skani vizuri

Kiwango kinachofaa kwa maandishi yaliyochapwa ni nukta 300 kwa inchi, rangi ya kijivu, faili la TIFF. Kurasa zenye ramani za rangi au picha ziskani kwa rangi. Nyingine zote hazihitaji. Hii si suala la ladha, ni hesabu ya diski. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 una pikseli 2480 kwa 3508, yaani karibu MB 8.7 kwa kijivu na MB 26 kwa rangi, kabla ya kubanwa. Tasnifu ya kurasa 150 ni takribani GB 1.3 kwa kijivu; tasnifu 500 za aina hiyo ni kama GB 650. Ukiskani zote kwa rangi, unakaribia TB 2, na diski uliyoombea fedha kwa barua tatu imekwisha.

Mafaili haya ya TIFF ndiyo nakala mama. Hayapakiwi mtandaoni wala hayafutwi. Kutoka kwayo utatengeneza faili dogo la kusomwa.

Usikate jalada la nakala pekee iliyopo. Iulize idara kwanza. Mara nyingi kuna nakala isiyofungwa kwenye kabati la mkuu wa idara, imelala chini ya karatasi za mitihani.

Futa kioo cha skana kila asubuhi. Punje moja ya vumbi juu ya kioo huacha doa, au mstari mwembamba kwa skana inayovuta karatasi, kwenye kurasa zote za siku hiyo, na alama hiyo ikiangukia tarakimu za jedwali inaweza kugeuza 1 kuwa 4. Nimewahi kuskani tasnifu tatu nzima huku nywele moja ikiwa imelala kiooni. Nilizirudia zote.

Mwishoni mwa kila tasnifu, hesabu picha na uzilinganishe na kurasa za kitabu, ukikumbuka kuwa kurasa za mwanzo zina namba za kirumi, majedwali marefu huwekwa kwa upana, na ramani zilizokunjwa huwa hazina namba kabisa.

Umefanikiwa ikiwa mtu ambaye hakuskani anaweza kufungua folda, kuchagua kurasa tano bila mpangilio, na kusoma hata tanbihi bila kukunja uso.

## Hatua ya 4: Geuza picha kuwa maandishi

Hapa ndipo hazina nyingi hufia. Faili la PDF lenye picha za kurasa linaonekana kama tasnifu kwa jicho la binadamu, lakini kwa kompyuta ni albamu ya picha. Halina neno hata moja la kutafutwa.

Pitisha picha kwenye ScanTailor ili zinyooke na kurasa za maandishi ziwe nyeusi na nyeupe tu, ukiacha kijivu au rangi kwa zenye picha. Unganisha kuwa PDF moja, kisha endesha:

`ocrmypdf -l swa+eng --deskew --output-type pdfa 0143_ghafi.pdf 0143_mwinyi_2009.pdf`

Sehemu ya `swa+eng` inaiambia Tesseract isome Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja, kwa kuwa tasnifu zetu huchanganya lugha hizo hata ndani ya ukurasa mmoja: mahojiano kwa Kiswahili, uchambuzi kwa Kiingereza. Ukiweka Kiingereza peke yake, programu itajitahidi kuyageuza maneno ya Kiswahili yafanane na ya Kiingereza. Sehemu ya `pdfa` hutoa faili la PDF/A, muundo uliokusudiwa kwa hifadhi ya muda mrefu, ambao hubeba fonti zake ndani.

Ukubwa wa faili una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Google Scholar inataka PDF zisizozidi MB 5 na zenye maandishi yanayotafutika. Mbali na Google, fikiria mwalimu wa sekondari aliyenunua bando la siku: faili la MB 60 linalimaliza kabla hajafika sura ya kwanza. Kurasa nyeusi na nyeupe, zikibanwa vizuri, zinaishusha tasnifu ya kawaida hadi MB chache.

Tahadhari. Usiigawe tasnifu katika mafaili saba kwa kufuata sura ili kupunguza ukubwa. Msomaji atakayeletwa na Google atafikia faili moja tu, na kwa kawaida si lile alilolitaka.

Tasnifu zilizopigwa kwa taipureta, hasa nakala za karatasi ya kaboni, hazitatoka vizuri, na sikushauri uketi kusahihisha kurasa 200. Piga chapa ikisiri kwa mkono, weka maneno muhimu ya kutosha, na uache maandishi ya ndani yawe yalivyo.

Umefanikiwa ikiwa unanakili aya kutoka katikati ya PDF, unaibandika kwenye ukurasa mtupu, na inasomeka.

## Hatua ya 5: Metadata

Ukibaki na muda wa kufanya hatua moja tu kwa umakini, iwe hii. Tazama rekodi ambayo mtu mwenye haraka huiandika, kwa majina ya mfano:

> ATHARI ZA MFUMUKO WA BEI KWA WAFUGAJI WA NG’OMBE… / Dr. A.J. MWINYI / 2023 / uchumi

Makosa ni manne. Kichwa kimeandikwa kwa herufi kubwa tupu kwa kuwa ndivyo kilivyo kwenye jalada. Mwandishi amepewa cheo, majina yake yamefupishwa, na jina la ukoo halikutangulia. Mwaka ni wa kupakia, wala si wa tasnifu. Mada ni neno moja pana kama bahari. Rekodi hiyohiyo iliyoandikwa sawasawa ingekuwa hivi:

- `dc.title`: Athari za mfumuko wa bei kwa wafugaji wa ng'ombe…
- `dc.contributor.author`: Mwinyi, Asha Juma
- `dc.contributor.advisor`: jina la msimamizi, kwa mtindo uleule
- `dc.date.issued`: 2009
- `dc.publisher`: jina kamili la chuo
- `dc.type`: Thesis
- `dc.language.iso`: sw
- `dc.subject`: wafugaji||mfumuko wa bei||bei ya mifugo||wilaya husika
- `dc.description.abstract`: ikisiri nzima, na ya lugha ya pili kama ipo

Mistari miwili iliyosimama huitenga thamani moja na nyingine. Neno la `dc.type` liache kama lilivyo kwenye orodha ya DSpace, kwa sababu programu hulitumia kuitambulisha kazi hiyo kama tasnifu kwa Google Scholar.

Majina yanahitaji uamuzi wa chuo kizima. Asha Juma Mwinyi, Mwinyi A. J. na Asha J. Mwinyi watakuwa waandishi watatu tofauti kwenye orodha ya hazina, na akiolewa akabadili jina watakuwa wanne. Tunza jedwali la majina, lenye namba ya ORCID (kitambulisho cha kudumu cha mtafiti) ya kila aliye nayo, na kila anayeingiza data alifungue kabla hajaandika.

Jambo lingine dogo linalotutesa sisi wa Kiswahili ni ile alama ya ng'. Word hubadilisha alama iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kukuuliza, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti. Matokeo yake ni kwamba kwenye orodha ya mada, ng'ombe wanajitokeza mara mbili, kila kundi na tasnifu zake. Amueni alama iliyonyooka, kisha itafuteni ile iliyopinda na kuibadilisha kwenye jedwali zima kabla ya kupakia.

Andika jedwali kwa LibreOffice na ulihifadhi kama CSV ya UTF-8. Excel ina tabia ya kuchukua 2009-05 na kuigeuza kuwa mwezi na mwaka kwa mtindo wake.

Umefanikiwa ikiwa mtu wa idara nyingine, akisoma rekodi bila kufungua faili, anaweza kusema tasnifu inahusu nini, ya wapi na ya lini.

## Hatua ya 6: Anwani ya kudumu kabla ya kupakia hata moja

Handle ni mfumo wa anwani za kudumu za kazi za mtandaoni, na kila chuo huwa na kiambishi chake, yaani namba inayotangulia anwani. DSpace inaposimikwa huja na kiambishi cha mfano, `123456789`. Tafuta namba hiyo mtandaoni uone ni hazina ngapi zilizoiacha vilevile. Viungo vinavyoanza na hdl.handle.net vikiwa na namba hiyo havifunguki, kwa hiyo kila mtafiti aliyenakili kiungo cha kazi yako kwenye marejeleo yake amenakili mlango usio na nyumba.

Sajili kiambishi cha chuo kwa Handle.Net Registry, lipa ada yake ya kila mwaka, na umwombe mtu wa TEHAMA awashe seva ya Handle na kufungua milango ya 2641 na 8000 kwenye ngome ya mtandao. Kama mmeshapakia tayari, amri ya `dspace update-handle-prefix` hubadilisha namba za zamani ndani ya hazina, ingawa haiwezi kurekebisha zilizokwisha kuchapwa kwenye majarida ya watu.

Ingiza ada hiyo kwenye bajeti ya kudumu, wala usiiache kwenye fedha za mradi. Mradi huisha.

Umefanikiwa ikiwa kiungo cha hdl.handle.net kinafunguka kwenye simu yako ukiwa umezima Wi-Fi ya chuo.

## Hatua ya 7: Pakia kwa mafungu

Kuingiza tasnifu mojamoja kwa fomu ya tovuti kunafaa kwa wahitimu wapya. Kwa za zamani, tumia SAFBuilder, inayochukua jedwali lako la CSV pamoja na mafaili na kutengeneza folda ambazo DSpace inazielewa, kisha:

`dspace import --add --eperson=BARUAPEPE --collection=HANDLE --source=fungu01 --mapfile=fungu01.map`

Faili la `fungu01.map` ni risiti yako. Linaonyesha kila folda imekuwa rekodi gani, na likiwepo unaweza kuliondoa fungu zima kwa amri ileile ukitumia `--delete`. Likipotea, utafuta moja baada ya nyingine kwa mkono.

Mafungu ya 50 yanatosha, na usianze fungu jipya saa za kukatika umeme kama eneo lenu lina ratiba.

## Hatua ya 8: Itazame hazina kwa jicho la mgeni

Kwanza, HTTPS. DSpace 7 na zilizofuata haziruhusu kuingia kwa akaunti kutoka nje ya seva bila HTTPS, kwa hiyo ukiona mkutubi anaweka nywila sahihi na anarudishwa mlangoni, anza kuangalia hapo.

Pili, zima JavaScript kwenye kivinjari na ufungue ukurasa wa tasnifu. Unapaswa kuona kichwa na ikisiri kama kawaida. Ukiona ukurasa mweupe, kuna uwezekano mkubwa kuwa roboti za Google nazo zinauona mweupe. Mara nyingi chanzo ni anwani ya `localhost` iliyoachwa kwenye mipangilio ya `dspace.ui.url` au ya REST (njia ambayo tovuti huomba data kutoka kwenye seva) mahali palipohitaji anwani halisi.

Tatu, fungua msimbo wa ukurasa huo na utafute neno `citation_pdf_url`. Lisipokuwepo, huenda faili limefungwa kwa umma pasipo kukusudia. Angalia ruhusa za mkusanyo, uone kama kundi la Anonymous, yaani wageni wasio na akaunti, lina haki ya kusoma.

Nne, hakikisha kazi za usiku zinaendeshwa zenyewe: `filter-media`, inayochota maandishi kutoka kwenye PDF ili yatafutike, `oai import`, inayotayarisha rekodi kwa wavunaji wa nje (tovuti zinazokusanya rekodi za hazina nyingi), na `checker`, inayokagua kama faili lolote limeharibika. Bila `filter-media`, juhudi zote za hatua ya 4 hazionekani kwenye utafutaji wa hazina yenyewe.

Tano, jaribu anwani ya `/server/oai/request?verb=Identify`. Ikijibu kwa jina la chuo na barua pepe inayosomwa na mtu, isajili hazina OpenDOAR, orodha ya hazina za dunia, na ukaipendekeze kwa BASE na CORE, ambazo huvuna rekodi za hazina za dunia nzima.

Umefanikiwa ikiwa, baada ya wiki kadhaa, sentensi ya kipekee kutoka sura ya tatu, ikiandikwa Google ndani ya alama za nukuu, inaleta tasnifu yako. Google Scholar huchukua muda mrefu zaidi, wakati mwingine miezi. Usibadilishe kitu kila siku kwa wasiwasi.

## Hatua ya 9: Nakala rudufu, na siku ya kuzijaribu

Vitu vya kunakili ni vinne: hifadhidata ya PostgreSQL kwa `pg_dump`, folda ya `assetstore` yenye mafaili, folda ya mipangilio, na takwimu za Solr, injini ya utafutaji ya DSpace. Hizo za mwisho ndizo watu hupoteza. Idadi ya waliosoma na kupakua kila tasnifu haikai kwenye hifadhidata. Ipo Solr peke yake, na hutolewa kwa `dspace solr-export-statistics`. Niliwahi kuhamisha hazina kutoka seva moja hadi nyingine nikaamini kila kitu kimevuka, mpaka mkurugenzi alipoomba takwimu za miaka mitatu na ukurasa ukaonyesha sifuri. Seva ya zamani ilikuwa imeshafutwa.

Weka nakala moja nje ya jengo, na nakala mama za TIFF kwenye diski zote mbili, kila diski kwenye ofisi yake. Kisha, mara moja kwa mwaka, chagua siku ya likizo, chukua kompyuta tupu, na uirejeshe hazina nzima kutoka kwenye nakala hizo bila kuigusa seva inayotumika. Andika saa ulipoanza, saa ulipomaliza, na kila nywila uliyolazimika kumpigia mtu simu kuiuliza. Orodha hiyo ya nywila ndiyo utakayoipeleka kwenye kikao kijacho na watu wa TEHAMA.